Wasifu wa Kuombea Kazi Uanze na Kazi

Ninasimamia ajira katika sekta ya utalii hapa Arusha, na kila tunapojiandaa kwa msimu unaoanza Juni hupokea maombi ambayo ukurasa wake wa kwanza umejaa kijiji alichozaliwa mwombaji, dini, hali ya ndoa na shule ya msingi, huku kazi aliyowahi kuifanya ikisubiri ukurasa wa pili. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, kabila au hali ya ndoa, na kinga hiyo inamhusu hata anayeomba kazi, kwa hiyo mwajiri makini hana haja ya kuyajua hayo.

Ninachotafuta ni kazi yenyewe, ikielezwa kwa namna ninayoweza kuihakiki. Mwongoza watalii akiandika kwamba ana uzoefu mkubwa wa mlima na ni mchapakazi, sina la kumuuliza, kwa kuwa maneno hayo kila mtu anayo. Lakini akieleza kwamba alikuwa mwongozaji msaidizi katika njia ya Machame ya kupandia Kilimanjaro kwa misimu miwili, kwamba ndiye aliyewapima wageni kiwango cha oksijeni kila jioni na kukiandika, na kwamba huzungumza nao Kijerumani bila mkalimani, tayari nina maswali matatu ya usaili, naye ana majibu yake. Karani wa ghala la kahawa Moshi naye ataje programu aliyotumia kutunza hesabu za magunia. Neno "mwaminifu" halinisaidii.

Wadhamini wengi huwekwa kama mapambo, ilhali mimi huwapigia simu. Mtaje msimamizi aliyekuona ukifanya kazi, umwombe ridhaa kwanza, na uhakikishe namba yake inapatikana, kwa sababu mjomba, hata awe mheshimiwa kiasi gani, hawezi kunieleza kama ulikuwa unawahi kazini.

Lugha iwe ile ya tangazo. Kwa nafasi za serikali zinazoombwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, soma masharti ya viambatisho neno kwa neno, maana mara nyingi hati ya matokeo haipokelewi badala ya cheti. Faili nalo lipe jina lako na nafasi unayoomba. Yale yanayoitwa "wasifu mpya wa mwisho kabisa" ninayo ya kutosha.