Muziki wa Chrono Trigger sio "MIDI tu", na okestra sio "toleo halisi"

Juzi tena. Kijana mmoja anayejua kazi kaja studio kuingiza voko, tukapumzika kidogo nikampigia Corridors of Time, wimbo wa gemu ya Chrono Trigger, kwenye spika kubwa. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema "kaka hii kali ila ni MIDI tu, kuna ya okestra YouTube, ile ndo yenyewe, ndo alivyotaka mtunzi sema mashine ilikuwa haiwezi". Hii sentensi nimeshaisikia mpaka imenichosha jamani, naisikia kwa maprodyuza wenzangu, kwa wacheza gemu, hata kwa watu wanaoipenda kweli hii gemu, na hao ndo wananiuma zaidi. Sasa naiandika yote hapa, nikiambiwa tena natuma linki.

Gemu yenyewe harakaharaka. Kampuni ya Square, Machi 1995, kwenye Super Famicom, mashine ya Nintendo ambayo nje ya Japani inaitwa Super Nintendo. Hironobu Sakaguchi wa Final Fantasy, Yuji Horii wa Dragon Quest na Akira Toriyama mchoraji, watatu hao kwenye kazi moja. Crono na wenzake wanaruka zama kwa zama, kuanzia miaka milioni 65 KK mpaka 2300, kulizuia jitu Lavos lisiichome dunia mwaka 1999. Nimeirudia mwaka huu baada ya miaka mingi, safari hii na hedifoni za kazini, na imesimama vizuri mno. Maadui unawaona kabisa mbele yako na vita vinaanza hapohapo ulipo, na ile kesi ya Crono mahakamani bado inakukumbusha kwamba ulikula chakula cha mzee wa watu pale kwenye sherehe. Ila kilichonishika mwanzo mwisho ni sauti.

Tuanze na hiyo MIDI. Faili la MIDI halina sauti yoyote ndani, ni maelekezo tu, piga nota hii, kwa nguvu hii, kwa muda huu, alafu kompyuta yako ndo inatafuta vyombo ilivyonavyo. Ndo maana faili lilelile kwenye mashine mbili linatoka tofauti kabisa. Enzi za intaneti kafe watu walipakua .mid za nyimbo za gemu, zikapigwa na kadi za sauti za bei chee, na wengi ndo kumbukumbu waliyobaki nayo, hapo nawaelewa. Kwenye Super Famicom maelekezo yapo pia, sikatai. Lakini vyombo vyenyewe vimo ndani ya kaseti, vimechaguliwa, vimekatwa na vimepangwa kwa ajili ya gemu hiyo. Bendi imekuja na vyombo vyake, haiazimi vya ukumbini. Ukisema "MIDI tu" umeifuta nusu ya kazi, na mimi naona ndo nusu ngumu.

Super Famicom iliingia sokoni Japani Novemba 1990, na upande wake wa sauti ulitengenezwa na Sony, kazi ya Ken Kutaragi, huyuhuyu aliyekuja kuizaa PlayStation. Kuna prosesa ya SPC700, pembeni DSP, chipu ya kuchakata sauti, yenye chaneli 8 (sauti 8 kwa mpigo), inatoa stirio ya biti 16 kwa kilohezi 32. Hiyo sio mashine ya bip bip, chaneli zinacheza sampo, vipande vifupi vya sauti vilivyorekodiwa. Shida ni RAM: kilobaiti 64. Humohumo inakaa programu inayoendesha muziki, nota za wimbo, sampo za vyombo na mwangwi. Hebu tupige hesabu. Sauti inabanwa kwa mfumo wa BRR, kila vipimo 16 vya wimbi, yaani bloku moja, vinaingia kwenye baiti 9 badala ya 32. Ukijaza hizo kilobaiti 64 zote kwa sauti ya kilohezi 32, bila kuacha nafasi ya kitu kingine, unapata sekunde tatu na nusu hivi. WAV ya kawaida, isiyobanwa, ingekupa sekunde moja tu. Sasa mtu anakwambia violini, filimbi, besi, ngoma na kengele vyote vikae humo na programu ipate chumba chake, na wewe unasema mashine haikuweza wakati umetoka kuusikia wimbo umesimama mbele yako!

Violini inashikaje nota sekunde nne? Unakata. Unachukua mwanzo, pale upinde unapogusa uzi, maana ndo panapoliambia sikio hii ni violini, kisha unabakisha kipande kidogo cha mkia kijizungushe, lupu. Lupu lazima ianzie kwenye mpaka wa bloku, na bloku ni vipimo 16, kwa hiyo urefu wake ni 16, 32, 48, 64 na kuendelea. Wimbi la violini halijali hesabu zako. Mzunguko mmoja ukiwa na vipimo 61 haukai, inabidi uivute sampo nzima mpaka mzunguko utue kwenye 64, alafu ufidie tuni upande wa nota. Ukizembea unasikia tiki tiki tiki, au chombo kinatoka nje ya tuni na wimbo mzima unachachuka. Nishakaa kutengeneza sampo za hivi, jasho linakutoka na bado hujaandika hata nota moja.

Chaneli 8 pia sio zote za wimbo. Upanga ukipiga, mlango ukifunguka, sauti hiyo inahitaji chaneli, inamnyang'anya mwanamuziki. Mpangaji anatakiwa ajue mapema nani atanyang'anywa ili wimbo usianguke.

Sasa mwangwi, na hapa ndo huwa napandisha sauti. Watu wanadhani ile hewa unayoisikia kwenye Chrono Trigger imerekodiwa pamoja na vyombo. Hapana. DSP inatengeneza mwangwi palepale, na inakula RAM ileile. Dilei, yaani muda mwangwi unaochelewa kujibu, inaenda kwa hatua za milisekunde 16, kila hatua kilobaiti 2. Ukitaka ndefu kabisa, milisekunde 240, umelipa kilobaiti 30, karibu nusu ya kila kitu ulichonacho. Yaani mtunzi anachagua, niwe na filimbi nzuri au niwe na ukumbi? Sisi leo tunafungua plagini ya riveb, mwangwi wa ukumbi wa kutengeneza, kwenye kila traki, tunaweka riveb ya kanisa mpaka kwenye makofi, hatulipi chochote, ndo maana miksi zetu nyingi zina tope. Pale kila tone la mwangwi limetolewa mdomoni mwa chombo fulani. Na kila chaneli unaiwashia au kuizimia mwangwi kivyake, kisha mwangwi wote unapita kwenye filta ya hatua 8 unayoipanga mwenyewe, ukitaka uwe wa giza unakuwa wa giza, ukitaka uwe mwembamba unakuwa mwembamba. Huo ni uamuzi wa muziki kabisa, sawa na kuchagua nota.

Ndani ya gemu nenda ufalme wa Zeal, mwaka 12000 KK, usikie hayo yote kwa pamoja. Unatoka kwenye theluji huku chini, unapandishwa juu ya mawingu, kila kitu kijani na dhahabu, Corridors of Time inaanza na zile nota zinazovunjwa mojamoja. Nota ni fupi na zina ncha, na mwangwi unazijibu kabla hazijafa, kwa hiyo unasikia mnyumbuko mmoja lakini kichwani zinakuwa kama mbili zinazofukuzana. Alafu ndo kinaingia kile chombo kinachofanana na sitari, gitaa la Kihindi, kikavu kidogo, mbele ya vyote. Matoleo mengi ya okestra niliyosikia yanapotea hapohapo: ukumbi mkubwa, riveb ndefu, zile ncha zinazama, zinakuwa zulia la nyuzi. Ni zuri, nalisikiliza, ila ni wimbo mwingine unaosema kitu kingine. Zeal ni ufalme unaong'aa na una ubaridi ndani yake, na ubaridi huo upo kwenye ule ukavu.

Na huyo "mtunzi aliyezuiwa na mashine" ni nani? Yasunori Mitsuda, aliingia Square 1992 akawekwa kwenye sauti za matukio, yaani ndani kabisa ya hii chipu, akamwambia Sakaguchi nipe kutunga au naondoka, akapewa Chrono Trigger. Alifanya kazi mpaka akaugua vidonda vya tumbo, Nobuo Uematsu, mtunzi wa Final Fantasy, akaingia kumalizia. Mtu huyu alijua RAM yake inaishia wapi kabla hajaandika nota ya kwanza, alitunga akiwa ndani ya chumba hicho. Na mwaka huohuo 1995 nyimbo hizi zilipopata wapigaji na vyombo halisi kwenye albamu ya The Brink of Time, zilipelekwa kwenye jazi. Hapo okestra iliyokuwa inasubiri kuachiwa huru iko wapi?

Lakini kuna mahali msimamo wangu unayumba. Chipu ikipandisha au kushusha sampo inailainisha kwa hesabu ya Gauss, na hiyo inameza sauti za juu, kila kitu kinakuwa na blanketi kidogo. Ulaya haikuletewa gemu hii kwenye Super Nintendo, toleo lao la kwanza lilikuwa la Nintendo DS mwaka 2009, na huku kwetu wengi tuliijua kwa emuleta, programu ya kompyuta inayoiga mashine, ZSNES, ambayo ilikuachia menyu ya kuchagua ulainishaji, na ukichagua ule mkali filimbi zinang'aa kuliko kwenye mashine yenyewe. Nikifungua bsnes, emuleta nyingine inayofuata mashine sawasawa, mkono unataka kurudisha ule mwanga. Kwa hiyo nikisema "halisi" nasema ya nani? Na Mitsuda mwenyewe hajaziacha hizi nyimbo, 2015 katoa albamu ya To Far Away Times na vyombo halisi na waimbaji. Mtu aliyeridhika kabisa angezirudia? Hapo nakaa kimya, sina jibu la kumfunga mtu mdomo. Ninachokataa ni kuitwa rasimu kitu kilichokamilika.

Ukitaka kuhakikisha usiniamini mimi. Tafuta faili la SPC la Corridors of Time, hilo ni nakala ya ile RAM ya sauti yenyewe, programu, nota, vyombo na kila kitu, kilobaiti 66 hivi. Au washa gemu kwenye emuleta ya Snes9x, fika Zeal, ingia menyu ya sauti, zima chaneli zote 8 kisha washa mojamoja. Sikiliza kila moja peke yake, zipi zina mwangwi na zipi ni kavu, alafu rudisha zote.