Kulala msituni milimani kwa pikipiki: maneno ya vijiweni na ukweli wenyewe

Ukitangaza kwamba unapanda mlima na pikipiki kwenda kupiga kambi msituni, washauri hawakosekani. Karibu wote wataanza na injini: ni ya cc ngapi, itavuta, haitavuta? Ni nadra kumpata anayeuliza utalalia nini. Hilo ndilo swali la kwanza, maana safari za namna hii nyingi huharibikia usiku, chombo kikiwa kimeegeshwa salama kando ya hema.

“Bila pikipiki kubwa hufiki”

Unafika. Kweli, hewa hupungua kadiri unavyopanda: kwenye mita 3,000 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 70 tu ya ile ya usawa wa bahari, na injini ya kawaida hupoteza robo ya nguvu zake au zaidi. Lakini hasara hiyo inazikuta injini zote kwa uwiano uleule, kubwa na ndogo. Ya cc 150 itapanda kwa gia ndogo, taratibu, na itafika.

Kinachoisumbua pikipiki ya kabureta ni mchanganyiko wa hewa na petroli. Hewa imekuwa haba, kabureta inaendelea kumimina petroli ileile, matokeo yake moshi mweusi, plagi inashika masizi, na ukiachia mafuta injini inataka kuzima. Dawa ni jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo zaidi, kazi ya fundi ya muda mfupi. Injini ya injeksheni hujirekebisha mchanganyiko yenyewe, ingawa nguvu nayo inapungua.

Tena njia za kuingia kambi za msituni mara nyingi ni kokoto, mizizi na tope. Pikipiki ya kilo 250 yenye mizigo ikilala kwenye mteremko, mtu mmoja kuiinua ni shughuli pevu. Mimi ningechagua nyepesi bila kufikiri mara mbili.

“Kazi ni kupanda, kushuka ni kujiachia”

Hapa ndipo watu huumia. Anayeshuka na nyutro, au kwa gia kubwa huku kakamata breki mfululizo, anayapasha moto mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani kadiri yanavyokaa. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi; yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 155. Yakichemka hutoa viputo, na viputo hubanika: unakamata breki, mkono unaingia hadi kwenye usukani, pikipiki inaendelea tu. Badilisha mafuta hayo kabla ya safari, ushuke na gia uliyopandia, na breki ishikwe kwa vipindi, si muda wote.

“Mzigo wowote unakaa kwenye keria”

Unakaa, ndiyo, na usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto. Uzito unaoning’inia nyuma ya ekseli ya nyuma unalinyanyua tairi la mbele. Kwenye kona linakosa mshiko, na kwenye mwendo pikipiki inaweza kuanza kutikisa kichwa, yaani usukani kuyumba huku na huku. Vizito (maji, zana, makopo, mtungi wa gesi) vikae kwenye mabegi ya pembeni, chini na karibu na mpanda. Juu ya keria weka begi la kulalia na nguo. Upepo wa tairi ujazwe kwa kipimo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, upimwe tairi likiwa baridi, na springi ya shokapu ya nyuma ikazwe kama inakazika.

Kuhusu mipira yenye kulabu, mimi siiamini. Inavutika kila unaporuka shimo, na mzigo unaanza kutembea. Mikanda yenye bizimu hushika vizuri zaidi, ila ncha inayobaki ifungwe. Ikiachwa ikipepea, itaikuta cheni au spoku.

“Begi zito la kulalia linamaliza baridi”

Halimalizi, na hii ndiyo dhana inayowakesha watu wengi kuliko zote. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Ukiondoka tambarare kukiwa na nyuzi 26, kambi iliyo mita 2,500 juu yako inaweza kuwa na nyuzi 10 mchana uleule, na jua bado halijazama.

Begi la kulalia hutia joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani ya manyoya au pamba yake. Upande unaoulalia unabanwa na uzito wako, hewa inatoka, na hapo kati yako na ardhi kinabaki kitambaa tu. Kwa hiyo kinachokulinda chini ni godoro. Magodoro ya kambi huwa na kipimo cha R: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo joto linavyochelewa kupotea. Karibu 2 inafaa majira ya joto. Kwa ardhi ya baridi tafuta 4 au zaidi. Godoro la kujaza upepo lililotengenezwa kwa ajili ya kuelea majini, hata liwe nene kiasi gani, ndani ni hewa tupu inayozunguka na kupeleka joto lako ardhini.

Na lile begi lenyewe lina namba zaidi ya moja. Ipo ya joto la kulala kwa raha, ipo ya kikomo, na mengine huwekewa ya hali ya hatari. Hiyo ya mwisho inahusu kunusurika tu, ila ndiyo wauzaji wengine huiandika kwa herufi kubwa. Soma ya kwanza.

Mpanda pikipiki ana tatizo lake la ziada: amefika na jasho ndani ya jaketi na buti. Akilala na fulana ileile yenye unyevu, hakuna begi litakalomsaidia. Fulana na soksi kavu za kulalia ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji, wala zisivaliwe barabarani. Ile glasi ya pombe ya “kupasha mwili” nayo inadanganya: inafungua mishipa ya ngozi, unahisi joto, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka.

“Piga hema bondeni, upepo haufiki”

Upepo haufiki, baridi inafika. Usiku hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama sehemu ya chini kabisa, na umande huko huwa mwingi. Panda kidogo kutoka kando ya kijito, hata mita chache husaidia. Kisha tazama juu: tawi kavu lililokwama kwenye mti halikupi taarifa kabla ya kuanguka.

“Jiko likiwaka kidogo ndani ya hema halina neno”

Lina neno. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na usingizi wake unafanana na uchovu wa safari. Jiko la gesi, la petroli, la mkaa, makaa yaliyobaki: vyote hubaki nje, hata mvua ikinyesha, na kufungua zipu kidogo hakukuhakikishii usalama.

“Maji ya mlimani ni safi, na huko juu kuchemsha hakusaidii”

Dhana mbili zinazopingana, na zote si kweli. Maji maangavu ya kijito yanaweza kuwa na giadia, kimelea cha kuharisha, kutoka kwenye kinyesi cha wanyama. Na ingawa kwenye mita 3,000 maji huchemka kwa kama nyuzi 90, joto hilo linatosha kuua vijidudu vya maradhi. Yakishachemka kwa nguvu yaache dakika 1. Ukiwa juu ya mita 2,000, dakika 3. Shida ya nyuzi 90 iko kwenye maharage. Yatakukalisha jikoni mpaka uchoke, basi beba chakula kinachoiva upesi.

“Radi ikija, matairi ya mpira yanakukinga”

Hayakukingi. Hata kwenye gari, kinachomlinda aliyemo ni bodi ya chuma inayomzunguka, na pikipiki haina bodi hiyo. Shuka, iache, ondoka kwenye vilele na miti iliyojitenga au mirefu kuliko mingine. Hema nalo si kinga. Kama kuna jengo imara au gari lenye paa la chuma, ingia humo.

“Ukishaegesha, umemaliza”

Stendi ya pembeni ina kikanyagio kidogo, na uzito mkubwa wa pikipiki unaangukia hapo. Udongo wa msituni, wenye majani yaliyooza, ukilowa usiku unaimeza polepole. Weka jiwe bapa, kibao au kopo lililopondwa chini yake, pua ya pikipiki itazame juu ya mteremko, na gia ya kwanza iwe imeingia. Stendi nyingi ziko kushoto, na ikizama pikipiki huangukia huko, kwa hiyo hema likae kulia, tena mbali kidogo, maana ekzosi ya moto inayeyusha nailoni kwa kugusa mara moja na inaweza kuwasha majani makavu.

“Moto ukifukiwa, umezimika”

Makaa yaliyofunikwa udongo hubaki na joto kwa saa nyingi, na yanaweza kuwasha mizizi iliyo chini. Mwaga maji, koroga, mwaga tena, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukihisi joto, rudi mtoni na chombo cha maji. Kuni nazo zisibebwe kutoka mbali, kwani wadudu waharibifu wa miti husafiri ndani yake. Okota au nunua hapo kambini, kadiri sheria za msitu huo zinavyoruhusu.