Bata anapenda maji, banda lake halitaki

Huku Pemba utasikia: "Bata ni wa maji, hata akilala kwenye tope hadhuriki." Si kweli, na masika ndipo inapoonekana. Akilala kwenye majimaji usiku kucha, nyayo huchubuka na kutunga vidonda. Kinyesi chake, chenye maji mengi, huoza na kutoa harufu kali inayochoma macho na mapafu.

Anachohitaji mchana ni beseni lenye kina cha kuzamisha kichwa, aoshe macho na pua. Bwawa si lazima. Usiku apate pakavu: sakafu iliyoinuliwa kidogo, maranda au makapi ya mpunga, na upenyo wa hewa juu ya kichwa chake. Asubuhi mie huchota konzi ya maranda nikaiminya. Ikishikamana kama donge la unga, nayatoa yote nikayamwage kwenye migomba. Beseni liwe nje, maana bata akinywa hurusha maji kila upande.

Makuti yanatosha kwa paa, lakini ukutani tia wavu wa matundu madogo na komeo madhubuti. Ngawa hutembea usiku, na bata aliyelala chini hana pa kukimbilia.