Ngozi ya kando ya stoma haitakiwi kuunguza

"Utazoea tu." Ndivyo nilivyoambiwa miezi ya kwanza baada ya kuwekewa ileostomia, yaani utumbo mwembamba kutolewa nje kupitia tundu la tumboni (ncha hiyo inayojitokeza ndiyo stoma), choo kikaingia kwenye mfuko unaobandikwa tumboni. Sikuzoea. Ngozi ilichubuka, ikawa inatoa majimaji, na usiku mfuko unabanduka. Hapa Mombasa tunaambiana mengi kwa nia njema, na mengine yanatuumiza.

"Kuchubuka ni kawaida ya stoma"

Si kawaida hata kidogo. Stoma yenyewe ni nyekundu na yenye unyevu kama ndani ya shavu, na haisikii maumivu. Ukiipangusa ikatoa tone la damu, usitaharuki. Ngozi inayoizunguka, lakini, yatakiwa ifanane na ya upande wa pili wa tumbo. Kwetu wenye ngozi nyeusi usingoje kuona wekundu: huenda pakawa zambarau, au peusi zaidi ya kwingine.

Mara nyingi chanzo ni choo kupenya chini ya kibandiko, ile sehemu yenye gundi inayoshikisha mfuko kwenye ngozi. Cha ileostomia ni kikali zaidi kwa sababu bado kina vimeng'enya vya kusaga chakula, navyo huila ngozi. Kwa hiyo ukibandua, usitupe haraka. Geuza kibandiko uangalie upande wa gundi: palipovuja utaona gundi imevimba, imelika, imebadilika rangi. Kilinganishe na tumbo. Changu kililika upande wa chini, na kidonda kilikuwa papo hapo. Kumbe nilikuwa bado nakata tundu la kibandiko, linalopitisha stoma, kwa kipimo nilichotoka nacho hospitali, ilhali stoma hunywea katika wiki 6 hadi 8 za kwanza. Nilipopima upya na kuacha nafasi ya milimita 2 au 3 tu kuizunguka stoma, nililala usiku kucha.

"Osha kwa dawa ya kuua viini, kisha paka mafuta ya nazi"

Shangazi yangu aliniletea mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, na liwa juu yake. Nilimshukuru kwa dhati, nikayapaka miguuni. Mafuta yoyote huzuia gundi isishike, choo kikapata njia. Spiriti na dawa kali huzidi kuichoma ngozi iliyokwisha kuumia. Sabuni za manukato na tishu za watoto huacha utando. Maji ya uvuguvugu na kitambaa laini yatosha. Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Panapotoa majimaji nyunyiza poda ya stoma kidogo, kung'uta inayozidi, ndipo ubandike.

"Mfuko ni ghali, kaa nao mpaka uanguke wenyewe"

Hili naliogopa kuliko yote, kwa sababu najua linatoka kwenye mfuko mtupu wa suruali. Lakini kibandiko kikianza kuwasha au kuunguza, ujue choo kimeshaingia, na kukizungushia plasta ni kukifungia humo na ngozi. Kibadilishe siku hiyo hiyo. Kinachookoa pesa ni kumwaga mfuko ukifika theluthi au nusu, kabla uzito haujauvuta, na kuweka akiba yako mahali pa baridi, si ndani ya gari juani.

"Vipele hivyo ni joto tu"

Wakati wa kaskazi jasho linatuandama sote, kweli. Ila vipele vinavyowasha, vyenye vidoadoa vilivyotapakaa pembezoni, huenda ni fangasi, nao hupenda unyevu kama wetu. Mwone daktari au muuguzi wa stoma, na umwombe dawa ya poda, kwa kuwa krimu itakubandua mfuko.

Kuoga, oga bila wasiwasi. Maji hayaingii kwenye stoma. Kidonda kinachochimbika au kutoa usaha kipeleke hospitali. Na stoma yenyewe ikigeuka zambarau iliyokolea au nyeusi, usingoje kupambazuke.