Je, wajua kwa nini mtu-mbwamwitu wa filamu za bei chee hukaa gizani?

Msitu, usiku, ukungu. Wanaume watano waliovaa deraya za kuazima wameshika mienge, na mmoja anasema amesikia kitu. Kimya. Tawi linakatika. Kamera inakimbia kati ya miti kama vile ndiyo yenye njaa, mtu wa nyuma kabisa anavutwa kichakani, kofia yake ya chuma inabaki ikiviringika. Nusu saa imepita na mnyama mwenyewe hujamwona. Utaonyeshwa kucha. Baadaye jicho la njano. Kumwona mzima mzima, subiri mpaka karibu na mwisho, na hata hapo atakuwa amesimama mbele ya nyumba inayoungua, mwanga ukiwa mgongoni kwake, wewe unaambulia kivuli chenye masikio.

Kwenye kibanda cha video cha mtaani kwetu kulikuwa na kijana ambaye filamu hizi zilimtoa povu. "Mtoeni basi tumwone!" alikuwa akipiga kelele. Sote tuliamini mwongozaji anatuchokoza makusudi. Kumbe maskini alikuwa anajificha kama mtu anayedaiwa.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mbwamwitu ninayemsema ni yule mkubwa wa misitu ya Ulaya, si mbwa mwitu wetu mwenye madoa wa Selous na Serengeti, ingawa Kiswahili kimewapa jina moja. Na mtu-mbwamwitu ni binadamu anayegeuka kuwa mnyama huyo. Huku kwetu hadithi za namna hii humwangukia zaidi fisi, au simba. Ulaya zilimwangukia aliyekuwa akiwala kondoo wao.

Jibu la swali letu ni manyoya.

Angalia majini wengine wa filamu. Mnyonya damu unamtengeneza kwa meno mawili ya bandia na joho jeusi. Mzimu unahitaji shuka. Maiti inayotembea ni unga usoni, nguo zilizochanika na rafiki zako wote wa mtaani. Mtu-mbwamwitu hana njia ya mkato, kwa sababu manyoya ni lazima yaote mahali, na kuyaotesha ni kazi ya mkono. Jack Pierce, fundi wa vipodozi wa studio ya Universal huko Marekani, alitumia nywele za yaki, yule ng'ombe wa milima ya Tibet, akizibandika kidogo kidogo usoni mwa Lon Chaney Jr. kwa masaa, kwa ajili ya filamu ya The Wolf Man ya mwaka 1941. Huo ni uso tu. Ukitaka mwili mzima, unashona vazi, na vazi lina matatizo yake: ndani ni joto la tanuri, mvaaji haoni vizuri, hawezi kupigana kwa dakika nyingi bila kupumzishwa, na kila akiinama mgongo unajikunja mahali ambapo ngozi ya kiumbe hai haijikunji. Ukiliwasha taa vazi la bei nafuu, unachokiona ni zulia lililomeza mtu.

Kwa hiyo mtayarishaji asiye na hela hununua kichwa kimoja na mikono miwili. Kichwa kinapigwa picha kikitokea kushoto, kinapigwa tena kikitokea kulia, kinapigwa mara ya tatu kikiwa kimelowa, halafu mhariri anazichanganya, na tayari una kundi la mbwamwitu saba. Hesabu siku moja kama hao saba wamewahi kusimama pamoja kwenye picha moja.

Hata wenye nafuu walibana. Katika filamu hiyohiyo ya 1941, tukio la kwanza la Chaney kugeuka linaonyesha miguu peke yake. Anavua kiatu, anavua soksi, na nywele zinaota kwenye miguu mpaka inakuwa nyayo za mnyama. Uso hauonyeshwi ukigeuka hadi anapokufa mwishoni, na hapo unageuka kinyumenyume, kutoka mnyama kurudi mtu. Ujanja wenyewe ulikuwa wa kuchosha: mwigizaji anakaa bila kutikisika, inapigwa picha kidogo, kamera inasimama, zinabandikwa nywele zaidi, inapigwa tena, kisha picha zinayeyushwa moja ndani ya nyingine. Ukimfanyia hivyo mguu, angalau mwenye mguu anaweza kupumua.

Mwaka uliofuata, 1942, studio ya RKO ilimpa mtayarishaji Val Lewton kazi ya kutengeneza filamu za kutisha, kila moja isizidi dola 150,000. Ya kwanza ilikuwa Cat People, kuhusu mwanamke anayeamini kwamba damu ya wachawi wa kijiji cha Serbia ya kale itamgeuza chui mweusi. Ni paka badala ya mbwa, lakini hii ndiyo shule waliyosomea wote waliokuja baadaye. Lewton na mwongozaji wake Jacques Tourneur waliamua kutomtengeneza kabisa mtu-chui. Walichukua ngazi iliyokuwa imejengwa kwa ajili ya filamu nyingine kubwa ya studio hiyohiyo, wakazima taa, na kumwachia mtazamaji kazi iliyobaki. Kuna mwanamke anaogelea peke yake usiku, maji yanarusha mwanga ukutani, na kivuli kinapita. Tourneur alisimulia kwamba kivuli kile kilikuwa ngumi yake mwenyewe. Kuna mwingine anatembea kando ya bustani, anasikia nyayo nyuma yake, nyayo zinakoma, na ghafla kinasikika kishindo chenye mlio wa mnyama. Ni breki za basi! Watu waliruka vitini kwa sababu ya basi.

Giza lilikuwa bei rahisi, na lilifanya kazi vizuri kuliko manyoya. Kisha mwaka 1981 Rick Baker akawasha taa. Katika An American Werewolf in London alimlaza kijana kwenye sakafu ya sebule yenye mwanga mweupe, akamrefusha mikono, akamvunja mgongo, akamvuta pua ikawa mdomo wa mnyama, yote mbele ya macho yako. Tuzo ya Oscar ya vipodozi ilipoanza kushindaniwa rasmi, Baker ndiye aliyekuwa wa kwanza kuichukua, kwa kazi hiyo. Tangu hapo kila mtazamaji alidai kuonyeshwa, na mwenye bajeti ndogo akabaki na chaguo mbili: ashindane na Baker ashindwe, au arudi kichakani.

Kichaka kizuri kuliko vyote ni Zama za Kati, yaani Ulaya ya takriban mwaka 500 hadi 1500.

Ukiiweka hadithi yako mjini leo, mtu atauliza kwa nini hawapigi simu, kwa nini hawawashi taa, kwa nini wasiondoke na gari. Ukiipeleka miaka 700 nyuma, maswali yote yanakufa. Mwanga ni mwenge mmoja, kwa hiyo giza lina sababu yake ndani ya hadithi na hakuna atakayesema umebania taa. Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga, na kwa watu hawa hiyo ni heri tupu: msitu haujengwi wala haupakwi rangi. Ulaya pia kuna vikundi vya watu wanaopenda kuigiza vita vya kale siku za mapumziko, na wengi wana panga, ngao na mavazi yao. Unawaalika, unawalisha, una jeshi. Kinachowashinda ni farasi, kwa sababu farasi anataka chakula, mtunzaji, lori la kumbeba na bima. Ndiyo maana mashujaa wa filamu hizi hutembea kwa miguu, na utasikia mmoja akisema kwa huzuni kwamba farasi wote waliliwa jana usiku.

Usiku nao si lazima uwe usiku. Kupiga picha gizani halisi kunataka jenereta, taa kubwa za kuigiza mbalamwezi na watu wanaolipwa kukesha, kwa hiyo wengi wamepiga mchana, wakabana mwanga unaoingia kwenye kamera na kuifanya picha ya bluu. Wafaransa huuita ujanja huo usiku wa Kimarekani. Ukitaka kuufichua, tazama chini: kama vivuli vya miti vimechorwa ardhini vikali kama kwa wembe, hiyo ni saa sita ya mchana iliyovaa buibui.

Wakati mwingine majengo yaliyopo ndiyo huamua hadithi. Kampuni ya Hammer ya Uingereza ilikuwa imejenga kijiji cha Kihispania kwenye studio zake za Bray kwa ajili ya filamu kuhusu mahakama ya kanisa ya kuwasaka wazushi. Filamu ikafutwa kwa kuhofia wadhibiti wa filamu na Kanisa Katoliki. Kijiji kimesimama, hela imeshakwenda. Wakati huo walikuwa na haki za riwaya ya Guy Endore kuhusu mtu-mbwamwitu wa Paris. Basi wakamhamisha mbwamwitu kutoka Ufaransa hadi Uhispania ya karne ya 18, na ndivyo The Curse of the Werewolf ya 1961 ilivyozaliwa, Oliver Reed akiwa ndani ya manyoya ambayo sura yake kamili huioni mpaka sehemu ya mwisho.

Huko Uhispania kwenyewe kulikuwa na Jacinto Molina, mnyanyua vyuma aliyejiita Paul Naschy. Kuanzia 1968 aliigiza mtu-mbwamwitu mmoja, Waldemar Daninsky, katika filamu zaidi ya kumi. Daninsky ni Mpolandi kwa sababu wadhibiti wa serikali ya Franco, dikteta wa Uhispania, hawakutaka kusikia kwamba Mhispania anaweza kuwa mnyama. Naschy aliipenda sana historia, na mara kwa mara laana ya Daninsky inaanzia karne za nyuma, kwenye hukumu, majoho na panga, kabla hadithi haijarukia wakati mwingine. Mwaka 1983 alimpeleka hadi Japani ya masamurai. Filamu zake nyingi zina kasoro ambazo hata kipofu angeziona, lakini Naschy alikuwa na kitu ambacho wenye hela huwa hawana: alimwonea huruma kweli yule mnyama. Mimi namweka juu ya wengi.

Mtindo haujafa. Mwaka 2021 Mwingereza Charlie Steeds alitoa Werewolf Castle, mbwamwitu na Zama za Kati zikiwa pamoja tena.

Sasa kichekesho. Kanuni ambazo watu hawa wenye mienge huambizana kwa sauti ya chini, kama urithi wa mababu, nyingi si za mababu. Mwezi mpevu? Mwandishi Mwingereza Gervase wa Tilbury aliandika mwanzoni mwa karne ya 13 kuhusu watu wa Uingereza wanaogeuka kadiri mwezi unavyobadilika, kwa hiyo mwezi ulikuwepo, lakini wengi wa zama hizo waligeuka bila kuangalia angani. Hata filamu ya 1941, katika shairi alilolitunga mwandishi wake Curt Siodmak, ilitaja mwezi wa majira ya majani kupukutika. Ni mwendelezo wake wa 1943 ulioubadilisha ukawa mwezi mpevu. Kuuawa kwa fedha pia kulienezwa na filamu ya 1941, kwa fimbo yenye kichwa cha fedha. Na shujaa anayechonga upanga wote wa fedha safi angejuta, maana madini hayo ni laini na makali yake hayadumu. Kiswahili peke yake ndicho kilichopata ukweli kamili bila kukusudia, kwamba kinachommaliza mtu-mbwamwitu ni fedha, na akikosa fedha anamalizika vilevile.

Hata zile kesi maarufu za kuchoma na kukata watu walioitwa mbwamwitu, kama ya Peter Stumpp aliyeuawa karibu na Köln, Ujerumani, mwaka 1589, ni za baada ya Zama za Kati. Mbwamwitu wa Zama za Kati zenyewe alikuwa mtu tofauti.

Katika karne ya 12 mshairi Marie de France aliandika juu ya bwana mmoja aliyetoweka siku tatu kila wiki. Alikuwa akivua nguo, akizificha ndani ya jiwe lenye uwazi karibu na kikanisa cha zamani, na kuwa mbwamwitu. Bila nguo hizo hawezi kurudi. Kikulacho ki nguoni mwako: mkewe alimpembeleza mpaka akaambiwa siri, kisha akamtuma mwanamume mwingine akazichukue. Mume akabaki mnyama. Baadaye mfalme akiwa mawindoni, mbwamwitu akamwendea na kuubusu mguu wake, mfalme akamfuga kama rafiki. Siku mke alipofika, mbwamwitu alimng'oa pua. Ukweli ukatoka, nguo zikaletwa, zikawekwa mbele ya mbwamwitu, naye hakuzigusa. Mzee mmoja mwenye busara akasema: anaona haya kugeuka mbele za watu. Wakamwingiza chumbani kwa mfalme na kufunga mlango. Walipofungua walikuta mtu amelala kitandani. Marie hakulipia hata unywele mmoja.

Na mwandishi Gerald wa Wales, katika kitabu chake kuhusu Ireland cha miaka ya 1180, anasimulia kuhusu kasisi aliyekuwa safarini kutoka Ulster, amelala msituni na mtoto mmoja kando ya moto. Mbwamwitu anawakaribia na kuwaambia wasiogope. Anasema watu wa kwao Ossory walilaaniwa, kila baada ya miaka saba wawili lazima wavae umbo hilo, na mwenzake yu karibu kufa, anaomba kasisi. Kasisi anamfuata mpaka penye mti, anamkuta mbwamwitu jike anaugua kwa sauti ya binadamu. Anasita kumpa komunyo. Basi yule dume anautumia mguu wake kama mkono, anaivuta ngozi ya mwenzake kutoka kichwani, na chini yake anatokea mwanamke mzee. Kasisi anampa. Ngozi inarudi mahali pake, na mbwamwitu anakaa nao motoni usiku kucha, asubuhi anawaonyesha njia.

Moto mmoja, mti mmoja, waigizaji wachache, na ngozi ambayo Gerald anasema ilivuliwa mpaka kitovuni tu. Nusu vazi.