Kabureta ya boda inavuja: jua kwanza petroli inatokea wapi

Pikipiki ndogo za 100 hadi 150 cc, hizi zinazobeba abiria Kisauni, Likoni na Changamwe, nyingi bado zinatumia kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia injini, na kuvuja ni ugonjwa wake wa kila siku. Barabarani utapewa dawa mbili: nunua kabureta nzima, au paka silikoni. Ya kwanza mara nyingi ni kutupa pesa. Ya pili naikataa kabisa. Silikoni ya kawaida inalainika ikikutana na petroli, vipande vinakatika na kuingia kwenye jeti (vitundu vyembamba vya kupitishia petroli), na mwisho wake pikipiki inavuja na haiwaki pia.

Funga koki, acha injini ipoe, kisha itoe pikipiki mahali pa wazi penye upepo, mbali na jiko na sigara. Futa kabureta mpaka ikauke kabisa. Pakaza unga wa chaki kwenye mstari wa gasketi (mpira wa kuziba kati ya kabureta na bakuli la petroli lililo chini yake), kuzunguka skrubu ya kumwagia na pale mpira wa mafuta unapoingia. Fungua koki, usiwashe injini, tazama kwa dakika 10. Chaki italowa palepale petroli inapoanzia. Bila chaki utadanganyika, maana petroli hufuata ukingo wa bakuli na kudondokea upande mwingine kabisa.

Ikilowa kwenye mpira wa mafuta, kata ncha iliyopasuka kama urefu unatosha, la sivyo weka mpira mpya na klipu mpya. Ikilowa kwenye skrubu ya kumwagia, badilisha oringi yake, yaani pete ya mpira. Ikilowa kwenye mstari wa gasketi, usikimbilie kukaza: skrubu za bakuli zimeshika kwenye aloi laini na meno yake huisha kwa nguvu kidogo tu. Fungua, safisha, kagua gasketi. Gasketi ya mpira iliyokaa ndani ya petroli huvimba na kukataa kurudi kwenye mfereji wake. Iache kivulini hadi kesho yake. Nyingi hunywea zikarudi saizi yake. Iliyokauka ikawa ngumu au bapa, hiyo ni ya kutupa.

Lakini petroli ikitoka kwenye paipu nyembamba inayoning'inia chini ya kabureta, ile ya kumwaga ziada, hapo ndipo penye kazi.

Ndani ya bakuli mna boya, na boya linafanya kazi kama lile la tangi la choo: petroli ikipanda nalo linapanda, linasukuma sindano fupi iingie kwenye kiti chake cha shaba na kufunga njia. (Sizungumzii ile sindano ndefu ya slaidi, inayopanda ukizungusha mkono wa gesi.) Sindano ikishindwa kufunga, petroli inaendelea kuingia mpaka imwagike. Gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiacha kuvuja, kulikuwa na chembe ya uchafu kwenye kiti. Ikirudia baada ya siku chache, uchafu unatoka kwenye tangi.

Kwa hapa Mombasa tangi ni mshukiwa wa kwanza. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, tangi lililolala nusu tupu hutoa jasho kwa ndani, na masika maji huingia kwa mfuniko ambao mpira wake umechoka. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini na kulisha kutu. Mwaga petroli ya bakuli kwenye glasi safi: utaona vitone vya maji vimetulia chini na unga mwekundu wa kutu. Ukiuona unga huo, osha tangi na chujio la koki kabla ya kununua sindano, la sivyo sindano mpya itakwama vilevile.

Ukifungua bakuli, chomoa pini ya boya kwa uangalifu. Pini nyingi zina kichwa upande mmoja. Isukume kutokea upande usio na kichwa, usiipige nyundo. Nguzo zinazoishika zikivunjika, kabureta imekwisha. Tazama ncha ya sindano kwenye mwanga: ikiwa na alama ya duara iliyochimbika, badilisha. Bonyeza kipini cha springi kilicho nyuma yake. Lazima kirudi chenyewe. Kiti cha shaba kikiwa na ukungu wa kijani, kisugue kwa pamba ya masikio na dawa ya kung'arishia shaba, kisha suuza kwa petroli. Msasa hapana, na waya kwenye jeti hapana, kwani vyote vinabadilisha vipimo ambavyo huwezi kuvirudisha.

Litikise boya karibu na sikio. Ikisikika petroli ndani, limetoboka na limekuwa zito. Kama huna uhakika, lizamishe kwenye maji ya moto: tundu litatoa mapovu.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Paipu ya ziada husimama ndani ya bakuli, na inaweza kupata ufa au kulegea kwenye mzizi wake. Weka bakuli tupu juu ya karatasi kavu, jaza petroli hadi chini kidogo ya mdomo wa paipu, ngoja dakika 10. Karatasi ikilowa, kosa ni la bakuli, na ungebadilisha sindano tatu bila kupona.

Ukirudisha sindano na boya, geuza kabureta juu chini ili boya lilalie sindano kwa uzito wake, pulizia kwa mpira safi kwenye njia ya petroli. Hewa isipite. Urefu wa boya upime kwa kitabu cha modeli yako. Kama lina ulimi wa chuma, ukunje kidogo mno kila mara: ukielekea sindano, njia inafunga mapema na kiwango kinashuka. Usishushe kupita kiasi, injini itakosa petroli ukipanda Mazeras na mzigo. Boya la plastiki lisilo na ulimi halirekebishwi, linabadilishwa.

Kaza skrubu za bakuli kwa mshazari, kwa nguvu ya mkono tu. Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Petroli iliyozidi hupita pia kwenye silinda na kushuka ndani ya injini. Oili ikiwa nyepesi, imepanda juu ya alama au inanuka petroli, imwage yote, hata kama ni ya jana. Injini nyingi za boda hubeba takriban lita 1, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na beringi zilizokosa ulainisho.

Mwisho, jaribu ikiwa imeegemea stendi ya pembeni, koki wazi, kwa nusu saa. Ikivuja hapo tu na siyo ikisimama wima, kiwango cha boya bado kiko juu kidogo.