Marumaru sio tailizi: uongo tunaoambiana kuhusu kusafisha mawe ya nyumbani

Nianze na jina, maana hapo ndo vurugu yote inapoanzia. Wengi wetu tukiona sakafu inang'aa tunasema "marumaru" hata kama ni tailizi ya udongo iliyochomwa kiwandani, sasa mtu akija kuwa na marumaru yenyewe, lile jiwe lililochimbwa ardhini likakatwa likapigwa polishi, anaisafisha kama alivyozoea kusafisha tailizi na baada ya miezi michache anashangaa imefifia. Tailizi nyingi zina glezi juu, yaani tabaka gumu kama kioo, inayozilinda. Jiwe halina, unachokiona kinang'aa pale ni jiwe lenyewe lililosuguliwa mpaka likawa laini kama kioo, na ukiliharibu hapo juu hakuna kitu kingine cha kulikinga.

"Siki na limau ni vitu vya asili, haviwezi kudhuru jiwe la asili."

Hii ndo inaniuma kuliko zote, kwa sababu anayeifuata huwa anajitahidi kabisa kutunza nyumba yake. Marumaru, travatini, oniksi na mawe ya chokaa ni kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kilichopo kwenye ganda la yai, na kama ulishawahi kuloweka yai kwenye siki unajua ganda linavyoisha. Juisi ya limau ina pH ya kama 2 hivi, hiyo ni tindikali kweli kweli. Nilishaona kaunta nzuri nyeupe ina alama ya duara, mtu alikata limau akaacha kipande pale akaenda zake, na mwenye kaunta alisugua ile alama siku nzima akidhani ni doa. Lakini sio doa jamani! Doa ni kitu kimeingia ndani ya jiwe, ile alama iliyofifia ni jiwe limeliwa juu, kwa hiyo hakuna cha kutoa na hakuna sabuni itakayoirudisha, pale anatakiwa fundi apige polishi upya. Soda, waini, nyanya na dawa za kuoshea choo zinafanya hivyo hivyo, zikimwagika futa hapo hapo, usisubiri umalize kula.

Kama hujui una jiwe gani, tafuta kona iliyojificha sana (nasisitiza iliyojificha, maana alama itabaki) weka tone moja la siki. Likitoa vipovu ujue ni jamii ya marumaru. Likitulia tu, huenda ni granaiti.

Kusafisha kwa kila siku ni maji ya uvuguvugu, tone la sabuni isiyo na tindikali wala blichi, kitambaa laini, suuza halafu kausha. Kukausha ndo watu wanakuruka, maji yenye chumvichumvi yakikaukia juu ya jiwe yanaacha utando mweupe, na utando huo ndo unamfanya mtu akimbilie siki.

"Ukishapaka sila umemaliza, jiwe haliharibiki tena."

Hapana. Sila, ile dawa ya kuziba mawe yasinyonye, nyingi zinazopakwa kwenye mawe zinaingia kwenye vitundu vidogo vidogo na kazi yake ni kuchelewesha mafuta na maji yasizame ndani, basi. Tindikali haihitaji kuzama, inakula pale pale juu, kwa hiyo marumaru yenye sila bado italiwa na limau. Na sio kila jiwe linahitaji sila. Mwaga maji kidogo, subiri dakika 10 hadi 15, ukifuta ukakuta jiwe limekuwa jeusi pale ujue linanyonya na linahitaji. Kuna granaiti nyeusi zilizoshikana sana hazinyonyi chochote, ukizipaka kwa nguvu sila inabaki juu inakuwa ukungu tu.

"Granaiti ni ngumu, ifanyie chochote."

Ngumu ni kweli, kwazi, yale madini magumu yaliyo ndani yake, iko kwenye 7 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs wakati marumaru iko kwenye 3. Ila kuna dawa za kutoa kutu zenye asidi ya haidrofloriki, hizo zinakula hata granaiti, na zikigusa ngozi ni hatari kubwa, usiguse kabisa. Sufuria ya moto nayo, najua wengi wanaiweka moja kwa moja na haijawahi kutokea kitu, lakini joto la ghafla sehemu moja linaweza kupasua jiwe, hasa kama lilishakuwa na ufa mdogo usioonekana.

"Doa likishaingia ndo basi."

Kwa mafuta sio kweli. Changanya bekingi soda na maji iwe uji mzito, paka juu ya doa unene wa nusu sentimita hivi, funika na nailoni, gundisha pembeni, acha saa 24, halafu toa nailoni uache ukauke wenyewe. Ukikauka unavuta mafuta kutoka ndani. Mara moja inaweza isitoshe, rudia, usikate tamaa mapema. Hata Taj Mahal kule India, ambayo ni marumaru nyeupe, inasafishwa kwa kupakwa udongo maalum kwa mtindo huu huu, haisuguliwi na siki.

Na kwenye sakafu, tunalaumu sana sabuni wakati anayeimaliza ni mchanga. Punje nyingi za mchanga ni kwazi, ile ile ya 7, kila hatua unayopiga unaikwaruza marumaru ya 3. Weka zulia la kufutia miguu nje na lingine ndani ya mlango, na fagia kwa ufagio laini kabla hujapiga deki, maana ukianza na deki unauzungusha ule mchanga sakafu nzima.